Mwenge hadi Bagamoyo: nusu marathoni tatu, siku tatu mfululizo

Nusu marathoni moja ni kilomita 21.1. Tatu ni 63 na kidogo, na Barabara ya Bagamoyo inazitosha. Siku ya kwanza mnaondoka Mwenge, Dar es Salaam, mnapita Tegeta, mnamalizia maeneo ya Bunju. Ya pili mnapita Mapinga na Kerege kuelekea Zinga. Ya tatu mnaingia Bagamoyo. Saa ikionyesha mmefika mjini na kilomita bado zipo, ongezeni njia ya Kaole kwenye magofu, au zungukeni Mji Mkongwe mpaka zitimie.

Mwenye kumudu nusu marathoni moja bila shida anaweza kumudu tatu, ila hawezi kuzikimbia kama tatu za mashindano. Kinachowaangusha watu wengi ni siku ya kwanza: miguu mibichi, kundi limechangamka, kila mmoja anamvuta mwenzake. Maumivu ya misuli hayaji hapo hapo. Huanza kupanda saa 12 hadi 24 baada ya mbio na huweza kufika kileleni siku ya pili hadi ya tatu, kwa hiyo deni la Tegeta hulipwa Kiromo.

Pesi ya kundi, yaani muda wa kukimbia kila kilomita, ipangwe na mtu wa mwisho. Kama wa polepole wenu hukimbia nusu marathoni kwa saa 2 na dakika 15, hiyo ni takriban dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita. Ongeza sekunde 60 hadi 75 na kundi zima liende kwa dakika 7 na sekunde 30 kwa kilomita (7:30). Wenye kasi watalalamika kwamba wanatambaa, na wavumilie tu. Kipimo rahisi ni mazungumzo: anayeshindwa kumaliza sentensi nzima bila kuhema anakimbia kupita kiasi. Mbele akae mtu mmoja mwenye nidhamu ya saa, na nyuma akae mzoefu asiyemwacha mtu hata mmoja. Kundi likizidi watu kumi na tofauti ya uwezo ni kubwa, gawanyeni makundi mawili. Wenye kasi waondoke nusu saa baadaye.

Kwa 7:30, mbio zenyewe ni kama saa 2 na dakika 38. Weka vituo vinne vya dakika tatu, kila baada ya kilomita nne hivi. Mkianza saa kumi na moja kamili alfajiri mnamaliza kabla ya saa mbili, jua halijakaza. Juni hadi Agosti ndiyo miezi inayofaa zaidi. Saa ya kwanza ni giza, kwa hiyo kila mtu avae kizibao kinachong'aa, na wa mbele na wa nyuma wawe na tochi. Kimbieni upande wa kulia mkitazamana na magari, mstari mmoja, na muwe macho na bodaboda zinazopita pembeni kinyume cha njia.

Kuna jambo la barabara ambalo wengi hawaliwazi. Lami huinama kuelekea pembeni ili maji ya mvua yatoke. Ukikimbia ukingoni siku tatu, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine kwa kilomita 63, na goti huanza kuuma upande wa nje. Kukipambazuka, hamieni kwenye udongo ulio sawa kila unapopatikana.

Maji: makadirio mazuri ni mililita 400 hadi 800 kwa saa kwa kila mtu. Watu kumi kwa wastani wa 600 watakunywa kama lita 16 hadi mwisho, basi gari la msaada libebe 25 ili yabaki ya kujimwagia kichwani, pamoja na deli la barafu. Pakiti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) zikikosekana, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Msimlazimishe mtu kunywa. Anayekunywa maji matupu kupita kiu anaweza kushusha chumvi ya damu: kichwa kuuma, vidole kuvimba, kutapika, kisha kuchanganyikiwa. Huyo asiongezewe maji, apelekwe hospitali. Aliyechanganyikiwa huku mwili unawaka moto apozwe kwanza kwa maji mengi na barafu, ndipo asafirishwe.

Saa mbili za baada ya kumaliza ndizo zinazoiamua kesho. Misuli imemaliza sehemu kubwa ya akiba yake ya wanga na ina siku moja tu ya kuirudisha. Lenga gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Mtu wa kilo 70 anapata gramu zake 70 za saa moja kwenye gramu 250 za wali uliopikwa, au ndizi mbivu mbili na tende tatu nne. Anza na vyepesi, uji wenye sukari au ndizi, ndani ya nusu saa. Wali na maharage au samaki vifuate tumbo likitulia. Jioni kula tena ushibe, na ulale kwa muda wa saa nane.

Raba ziwe jozi mbili za kupokezana, kwa sababu soli iliyolowa jasho haikauki vizuri usiku mmoja na unyevu ndio unaozaa malengelenge. Soksi mpya kila siku. Vaselini ipakwe kabla ya kuanza: mapajani, kwapani, kwenye chuchu. Lengelenge dogo lisilouma liache lilivyo, lifunike kwa plasta.

Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki ili uweze kukimbia. Dawa hizi pamoja na upungufu wa maji huziumiza figo. Mkojo ukitoka na rangi ya soda nyeusi, safari imeisha hapo hapo na daktari anahitajika leo. Kuchoka na misuli kukaza pande zote mbili ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja yanayokufanya uchechemee si kawaida, na mwenye nayo apande gari. Kusimama si aibu: mchekeshaji Mwingereza Eddie Izzard alijaribu marathoni 27 mfululizo Afrika Kusini mwaka 2012, akasimama baada ya nne kwa sababu za kiafya, akarudi 2016 na kuzimaliza.

Maandalizi ni wiki 10 hadi 12. Kiini chake ni Jumamosi na Jumapili: anzeni na kilomita 10 na 8, mfike 18 na 16 wiki tatu kabla ya safari, kisha mpunguze. Jumapili ndiyo muhimu, kwani ndipo mwili unajifunza kuondoka ukiwa mzito. Kilomita mbili za kwanza za kila asubuhi zitauma. Zitembeeni kwa mchanganyiko, dakika mbili mbio, moja kutembea, mpaka vifundo vilainike.