Siku Zuhura Ilipopita Mbele ya Jua

Tarehe 8 Juni 2004 ilikuwa Jumanne, na nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa imejaa wanawake. Binamu yangu alikuwa aolewe Ijumaa ile. Alikuwa amewekwa ndani, anasingwa asubuhi na jioni, na kila shangazi aliyewasili kutoka Majengo au Kisauni alimwinua kidevu, akamtazama uso kwa muda, akasema Mashallah. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasaidia kupeleka kahawa na kutunga asmini, huku masikio yangu yakiwa juu ya dari.

Huko juu alikuwako mpangaji wetu, mzee aliyesomesha hesabu miaka mingi na ambaye sote tulimwita Maalim. Alikuwa ameomba aachiwe paa siku hiyo moja tu. Nilipompelekea kahawa nilimkuta ameifunga darubini kwenye kiti kibovu, ameielekeza kwenye Jua lililokuwa juu ya upande wa Nyali, na nuru yake inaangukia karatasi nyeupe iliyobandikwa kwenye ubao.

"Usiangalie Jua lenyewe, mwanangu, litakupofua. Angalia karatasi."

Kwenye karatasi palikuwa na duara la nuru lenye upana wa sentimita 15 hivi, na ukingoni mwake, tangu saa mbili na robo, kulikuwa kumeingia kitone cheusi ambacho hakikufika hata milimita 5. Zuhura niliijua kama watu wote wa pwani wanavyoijua, nyota ya jioni ing'aayo kuliko zote, ambayo washairi wameifananisha na nyuso za wapenzi wao. Sasa ilikuwa mbele yangu bila mng'ao wowote. Shangazi yangu mmoja alipanda, akatazama, akauliza, "Ndiyo hii tu, Maalim?" akateremka.

Maalim hakukasirika. Alinimiminia kahawa na mimi pia, akaanza kunieleza, na kwa kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kushindwa kuondoa macho kwenye kile kitone. Ulimwengu mzima, alisema, hakuna aliye hai leo anayekumbuka kuliona jambo hili, kwa kuwa mara ya mwisho lilitokea mwaka 1882. Njia ya Zuhura ya kulizunguka Jua imeinama kidogo, kiasi cha nyuzi 3.4, ikilinganishwa na njia ya Dunia, kwa hiyo mara nyingi inapopita kati yetu na Jua hupita juu yake au chini yake tusiione. Na kile kitone kilikuwa ulimwengu karibu sawa na huu wetu kwa ukubwa, wenye kipenyo cha kilomita 12,100 hivi.

Kisha akanisimulia habari za Jeremiah Horrocks, kijana wa takriban miaka 20 katika kijiji cha Much Hoole huko Uingereza, aliyezipitia hesabu za mwanafalaki Johannes Kepler akagundua kwamba Zuhura ingepita mwaka 1639, jambo ambalo Kepler mwenyewe hakulitabiri. Alitumia darubini na karatasi, vilevile kama sisi, akaiona kwa nusu saa hivi kabla Jua halijatua. Alikuwa amemwarifu rafiki yake mmoja tu aliyeweza kuiona pia, William Crabtree, mfanyabiashara wa vitambaa. Mawingu yalipomfungukia Crabtree, alisimama ameduwaa hata akakaribia kusahau kupima chochote. Habari hii ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Mtu ambaye kazi yake ni kuchagua rangi na nakshi, mwenye jicho lililozoea vitu vizuri, amepigwa na bumbuwazi mbele ya doa jeusi kwa sababu tu alijua ni kitu gani!

Adhana ya adhuhuri ilipolia kutoka Msikiti wa Mandhry Maalim alikwenda kusali, akaniachia karatasi. Binamu yangu akapanda kwa kunyemelea, khanga kichwani na liwa usoni, kwa kuwa alikatazwa jua kabisa. Nilimweleza yote niliyoyasikia, naye hakuuliza kama ni hii tu. Aliuliza imesogea kiasi gani tangu asubuhi.

Maalim aliporudi alitukuta wote wawili, akatuambia tunyooshe kidole mbele ya mnara wa msikiti, tufumbe jicho moja kisha jingine. Kidole kilihama. Hivyo ndivyo, alisema, watu wawili walio mbali duniani wanavyokiona kitone hiki kwenye njia mbili tofauti kidogo, na kutokana na tofauti hiyo mwanafalaki Edmond Halley alionyesha mwaka 1716 kwamba umbali wa Jua unaweza kukokotolewa. Halley alijua kuwa hataishi hadi 1761 kuiona Zuhura ikipita tena, akawaandikia watakaokuja baada yake. Mfaransa Guillaume Le Gentil alisafiri kwa ajili hiyo, lakini siku yenyewe ilimkuta merikebuni katika bahari hii yetu ya Hindi, ikiyumba asiweze kupima. Akangoja hadi 1769, na mawingu yakamzuia. Hata hivyo wengine walipima, na kutokana na kazi yao wanadamu wakakaribia kujua kilomita milioni 150 zilizopo kati yetu na Jua. Nilimtazama binamu yangu alipokuwa akisikiliza. Nimeona maharusi wengi tangu siku hiyo, na bado sijamwona aliyependeza kama yeye saa ile, liwa ikimpasukapasuka usoni kwa kukunja kipaji akifikiri.

"Itapita tena lini, Maalim?"

"Mwaka 2012, inshallah mtaiona. Kisha 2117."

Chini wakaanza kumwita bi harusi. Kitone kilikuwa kimebakiza saa moja na zaidi kufika ukingo wa pili, nikamwomba Maalim anionyeshe hesabu ya Halley kabla hakijatoka. Aligeuza karatasi ya ziada, akachora Dunia, Zuhura na Jua kwa mstari, akaniuliza ninakumbuka nini kuhusu pembetatu. Binamu yangu akaketi, akawajibu waliokuwa chini kwamba anakuja.