Mtaimbo Uliogonga Jiwe

Jumamosi iliyopita mwanangu alikuwa akichimba shimo la mparachichi nyuma ya jiko, na mtaimbo ulipofika kina cha goti ukagonga jiwe. Nilikuwa ndani nikipepeta mchele. Niliposikia mlio ule mfupi, mkavu, ukitoka chini ya udongo laini, niliuweka ungo chini nikatoka nje. Mtoto alikuwa ameinama juu ya shimo. "Mama," akaniuliza, "nani alilizika hapa?"

Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa mawazo yangu yalikuwa yamekwenda kaskazini mwa Mayo, magharibi mwa Ayalandi, kwenye siku ile niliposimama mvuani nimeshika fimbo ya chuma iliyonizidi kimo.

Mwaka ule niliosoma Galway, mji wa huko magharibi mwa Ayalandi, sitausimulia wote. Baba alifariki mwezi Machi, nauli ya kurudi kwetu Usangi, Upareni, ikanishinda, na matanga yake niliyakaa peke yangu chumbani, simu ikiwa mkononi. Mwezi Mei wenzangu wa darasani waliniambia nisijifungie, wakanipeleka kuona mahali paitwapo Céide Fields. Nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa.

Pale, juu ya majabali yaliyosimama wima zaidi ya mita 100 kutoka Bahari ya Atlantiki, macho hayaoni kitu cha ajabu. Ni mteremko wa rangi ya kahawia, nyasi ngumu, vidimbwi na upepo. Lakini chini ya mteremko huo kuna kuta za mawe zinazogawanya mashamba, moja baada ya jingine, katika eneo linalozidi hekta 1,000, pamoja na makaburi ya mawe makubwa kama lile la Behy. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba wakulima waliozijenga waliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi kubwa ya Giza, kule Misri, kujengwa. Vyote hivyo vimefunikwa na mboji, ile nyeusi ambayo watu wa huko huikata vipande kama matofali, wakaianika na kuiwasha motoni wakati wa baridi.

Mzee aliyetuongoza alitueleza habari hizo taratibu, kama mtu anayesimulia mambo ya ukoo wake. Miaka ya 1930, mwalimu wa shule wa kijiji cha Belderrig, Patrick Caulfield, alikuwa akikata mboji ya kuni akaona kwamba kila anapofika chini kabisa hukutana na mawe yaliyopangwa. Mawe hayo yalikaa juu ya udongo wa zamani, na mboji ilikuwa juu yake. Kwa hiyo, alisema mwalimu, aliyeyapanga aliishi kabla mboji haijaanza kuota. Hoja nyepesi namna hiyo, na bado ilipita miongo kadhaa kabla mwanawe, Seamas Caulfield, aliyekuwa amesomea akiolojia, hajarudi kuifuatilia shamba kwa shamba. Nilipolisikia neno "mwanawe" niliinamisha kichwa.

Nilitaka kujua ni nani aliyezifukia kuta zote zile, na mzee akasema hakuna. Wakulima walifyeka misitu, mvua ikazidi, maji yakakosa njia ya kutoka, na mimea midogo laini ya jamii ya kuvumwani, iitwayo sfagnamu, ikaota juu ya ardhi iliyotota. Mmea ukifa ndani ya maji yenye tindikali na yasiyo na hewa hauozi vizuri, bali hulala, na mwingine huota juu yake. Kwa wastani mboji huongezeka kama milimita 1 kwa mwaka. Katika maisha yote ya mtu mmoja haifiki hata kina cha kiganja, lakini mahali pengine pale imefikia mita 4.

Kisha akatupa zile fimbo. Hivyo ndivyo kuta zilivyotafutwa, bila kufukua: unapiga hatua, unadidimiza fimbo, unapima kina, unapiga hatua nyingine. Pakiwa na ukuta, fimbo hukwama mapema.

Zamu yangu ilipofika nilidhani nitahitaji nguvu, kumbe fimbo ilizama kama kisu katika papai lililoiva, ikashuka nami nikashuka nayo, hadi magoti yangu yakagusa nyasi zilizolowa. Chini kabisa ilisimama kwenye kitu kizito, kisichotoa sauti. Huo ulikuwa udongo wa shamba lenyewe. Nilipiga hatua, nikadidimiza tena, nikapata vilevile. Mara ya tatu ilishuka nusu tu ya kina kile, ikagonga.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, lakini mtetemo ulipanda kwenye chuma, ukapita viganjani, ukafika kwenye viwiko. Nilinyanyua fimbo kidogo na kuishusha. Jiwe. Niliisogeza upana wa vidole vinne, nikagonga jingine lililokuwa chini kidogo ya lile la kwanza, na pembeni yake jingine tena, lililolala kwa ubavu. Hapo nikamwona baba kwenye kiunga chetu cha mteremkoni, akijenga kingo za mawe za kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Alikuwa akilichukua jiwe, akaligeuza mara tatu au nne akitafuta uso wake, na asipouona analiweka kando bila hasira. Mimi nilimpelekea yale madogo ya kujaza mianya. Mtu wa Mayo naye alilishika jiwe lile kwa mikono miwili, akaamua likae vile, kisha akainama kuchukua jingine. Uamuzi wake ulikuwa bado uko mahali pake, gizani, na mimi nilikuwa nikiugusa kwa ncha ya chuma.

Nililia. Mzee hakuniuliza kitu. Alikuja akaishika fimbo juu ya mikono yangu, tukaichomoa pamoja, nayo ikatoka ikiwa na utando mweusi uliong'aa.

Nimejaribu mara nyingi kuueleza wakati ule, na kila mara naona ninaongeza kitu au kupunguza. Mambo ya safari yaliyobaki yamenitoka. Tulirudi Galway usiku. Mwaka uliofuata nilifika Usangi, nikalikuta kaburi la baba limeshasakafiwa, na zile kingo za kiungani alizojenga, mbili za juu zimebomolewa kwa ajili ya msingi wa nyumba. Sikugombana na mtu. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kugombana.

Mwanangu alikuwa bado anasubiri jibu. Nilimwambia kwamba huenda hakuna aliyelizika, huenda udongo ulilijia wenyewe. Alifikiri, akauliza kama tulitoe. Niliuchukua mtaimbo, nikagonga upande wa kulia, nikagonga wa kushoto, nikisikiliza kama lina mwenzake. Kisha tukachimba shimo la mparachichi hatua tatu kutoka pale, na lile la kwanza tukalifukia pamoja na jiwe lake.