Meza ya Ahasuero

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Esta 1, sura ambayo wengi tunaipita mbiombio tukiwahi kumfikia Esta mwenyewe.

Mfalme Ahasuero anatawala majimbo 127, toka Bara Hindi hadi Kushi. Amefanya karamu ya siku 180 kuwaonyesha wakuu utajiri wake, kisha akaongeza siku 7 kwa watu wote wa Shushani, mji wa kifalme. Siku ya saba, mvinyo umemkolea, anaagiza malkia Vashti, mkewe, aletwe ili wageni wautazame uzuri wake. Vashti anagoma. Mfalme anawaka.

Mpaka hapo ni ugomvi wa mke na mume, ungeweza kuishia chumbani. Lakini mfalme anawageukia wakubwa saba anaokaa nao, na mmoja wao, Memukani, anasema jambo ambalo hata leo ukipita kijiweni jioni utalisikia: huyu akiachiwa, wake zetu wote watatudharau. Hakuna aliyemuuliza Vashti kwa nini amekataa. Memukani alikuwa anaiwazia nyumba yake. Shauri likawapendeza, barua zikatumwa kila jimbo kwa lugha yake: kila mwanamume atawale nyumbani mwake.

Mfikirie mkulima wa jimbo la mbali, hajawahi kukanyaga Shushani, anasomewa barua hiyo. Kwake ni sheria ya Waajemi na Wamedi, haitanguki. Wajukuu zake wangeweza kabisa kuiita mila ya wazee. Kumbe chanzo ni mtu wa hasira, mvinyo, na rafiki zake saba.

Nahofia mengi tunayoyaita utaratibu wa nyumba ya Kikristo tumeyapata kwa njia hiyo hiyo. Mtu mkali akisoma kwamba mume ni kichwa cha mke, anasikia amri. Mpole akisoma mstari huo huo anasikia dhamana. Na wapo wasio wakali wala wapole, wanaogopa tu kusemwa. Mtaani kwetu kuna baba ambaye mkewe akichelewa gengeni, yeye huogesha watoto na kufua nepi uani, geti likiwa wazi. Wenzake wanapita wakicheka: kalishwa limbwata huyo. Katika hao wanaocheka wamo wanaofua nepi vilevile, ila usiku, mlango umefungwa. Wake zao ndio wametuambia. Siwalaumu sana. Kijiwe kina adhabu zake, na mwanaume aliyekwisha kupewa jina la utani anajua jinsi lilivyo gumu kulivua.

Na sisi kina mama tusijitoe. Ni kicheni pati ngapi tumekaa tukimfunda bibi harusi mambo yaliyomfaa yule anayefunda, kwa mume wake yeye na hulka yake yeye? Mama mwenye kauli huyasema ya nyumbani kwake kama vile yameandikwa, sisi tunapiga vigelegele, binti anayabeba. Akifika kwa mume asiyefanana hata kidogo na yule, anadhani kosa ni lake.

Sasa fungueni sura ya 2. Katika mji ule ule ilikotoka amri yupo Mordekai, aliyemlea binti wa ami yake, yatima, kama mwanawe. Binti huyo ndiye Esta. Anapochukuliwa kwenda nyumba ya wanawake, mfalme akitafutiwa malkia mpya badala ya Vashti, Mordekai anapita kila siku mbele ya ua ili ajue binti anaendeleaje. Kila siku, mtu mzima, mbele ya watu! Na ukifika 4:17, baada ya Esta kuagiza Wayahudi wa Shushani wafunge siku 3, yule mlezi wake anakwenda kufanya yote kama binti alivyomwagiza. Barua ya mfalme haikuwa imefutwa. Mordekai alikuwa na anayemcha zaidi ya ile meza.

Jumuiya ya wiki hii tusome Esta 1 hadi 4 tukiwa chumba kimoja, siyo kina baba kule na kina mama huku kama tulivyozoea. Kila mmoja aje na jambo moja ambalo kwao linaitwa kazi ya mama au kazi ya baba, na atuambie alilisikia kwa nani kwanza.