Kuichora Kilwa ya 1331: siku na saa kwanza, penseli baadaye

Kazi niliyopewa ilikuwa bango la A1 la kusimamishwa karibu na magofu ya Kilwa Kisiwani, na maelekezo yalikuwa mstari mmoja tu: "mji enzi za Ibn Battuta". Hayo yanatosha kuanzia. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akishuka na kaskazi, upepo unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi. Nikaamua siku yangu iwe mwisho wa Februari, asubuhi. Ukishika penseli kabla ya kuamua siku na saa, utakosea vitu kumi na hutajua umekosea wapi.

Anza na kivuli. Kilwa ipo nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na mwisho wa Februari jua la adhuhuri linapita utosini. Ukichora saa hiyo, kivuli kinajikunja miguuni na kuta zote zinakuwa bapa kama kadibodi. Nikachagua jua likiwa nyuzi 45 upande wa mashariki: ukuta wa mita 4 unatupa kivuli cha mita 4 kuelekea magharibi. Ingekuwa adhuhuri ya Juni, jua lingekuwa kaskazini na ukuta huohuo ungetupa kivuli cha mita 2.5 hivi kuelekea kusini. Hilo si dogo, kwa sababu kibla ya Kilwa ni karibu kaskazini kabisa. Ukuta wa mihrabu, kwa nje, hupigwa na jua la adhuhuri katikati ya mwaka, na Desemba hukaa kivulini. Wenyeji wataliona kosa hilo kabla ya maprofesa.

Upepo nao una amri yake. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, basi moshi wa jikoni na makuti ya minazi vyote vilale kusini-magharibi. Vyombo vya Arabuni viliingia majira haya na kuondoka na kusi. Mbele nikaweka mtepe: mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na tanga la mkeka la pembe nne. Mkono wangu, kwa mazoea, uliupa tanga la pembe tatu la jahazi, nikafuta. Chombo nikakilaza mchangani kwenye maji ya kupwa, maana maji ya bamvua hupanda na kushuka mita tatu hivi. Hakuna gati, mizigo inashuka mabegani.

Kisha kufuta, na hapa ndipo penye kazi. Picha zangu za rejea nilipiga Agosti, nyasi zikiwa kavu, ilhali Februari kisiwa ni kijani. Picha hizohizo zilijaa mikorosho na mipapai, miti iliyotoka Marekani ya Kusini na ya Kati na kufika kwetu baada ya Wareno. Mahindi, muhogo, pilipili, tumbaku na bogenvilia: vyote nje. Karafuu na nguo za kanga ni mambo ya karne ya 19. Hata yule kunguru wa shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890. Kilichobaki ni minazi, migomba, mtama na mpunga, kuku na mbuzi, na sahani za Kichina za rangi ya kijani mezani kwa wenye uwezo.

Majengo yanadanganya zaidi ya miti. Gereza, yaani ngome ya ufukweni, limeanza na Wareno mwaka 1505, kwa hiyo halimo. Kuta nyingi za Makutani, jumba la masultani, unazoziona leo ni za karne ya 18. Nguzo za pembe nane ndani ya Msikiti Mkuu ni za matengenezo ya karne ya 15. Kuba za msikiti zichore fupi, za mviringo, wala usiweke mnara. Usijenge kumbi pana pia: paa bapa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyopanga upana wa chumba, mita 2.5 hivi. Nyumba za mawe zilikuwa za wachache, kwa hiyo mji wangu ni wa udongo na makuti, na mawe yametokeza katikati yake. Ibn Battuta mwenyewe anazungumzia ujenzi wa miti.

Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, iko mbali kidogo mashariki, juu ya mwamba. Sehemu iliyosimama hadi leo niliipaka rangi kamili, na ya kukisia nikaiacha kwa mstari mwembamba na rangi iliyochujuka. (Wachoraji wengi huficha wasichokijua nyuma ya mnazi. Nami ninao mnazi mmoja wa namna hiyo kwenye kona ya kushoto.)

Tulivutana kwenye nyuso. Mteja alitaka kila mwenye kilemba awe mweupe, na weusi wawe wachukuzi. Nilimwonyesha maneno ya msafiri mwenyewe: wengi wa watu wa Kilwa ni weusi sana, wana chale usoni. Tulibishana wiki mbili, lakini kwenye penseli, na hapo kufuta hakugharimu kitu. Kwa hiyo mkataba wangu siku hizi unasema: marekebisho mawili ya rasimu bure, baada ya rangi kila badiliko linalipiwa, na malipo ni asilimia 40 mwanzo, 30 rasimu ikikubaliwa, 30 mwisho.

Uchoraji wenyewe ni mwepesi kuueleza. Piga picha pale bango litakaposimama, kamera ikiwa kimo cha macho, mita 1.6. Kamera ya simu huvuta kingo, basi rudi nyuma na ukuze picha (zoom) mara mbili. Weka juu yake karatasi inayopitisha mwanga, fuatisha magofu, ndipo uinue kuta. Ukiskani kwa A1, lenga pikseli 7016 kwa 9933. Bahari ya kijani-buluu hufifia ikichapishwa, hivyo omba kipande cha majaribio kabla ya kukubali. Juani, wino mwekundu na wa njano hufa kwanza na bango zima hugeuka buluu, kwa hiyo dai laminesheni ya kuzuia miale. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu: za kawaida zitachirizisha kahawia juu ya bahari yako kabla ya msimu kwisha.

Adhuhuri ya Juni vivuli vya magofu vinaelekea kusini, vya bango langu magharibi, na watu huuliza. Kwa hiyo chini ya picha, kwa herufi ndogo, pameandikwa: asubuhi, mwisho wa Februari.