Poti ya printa na taa za vifaranga vya mama

Nina kompyuta ya mezani ya zamani, Pentium 4, na nyuma yake bado kuna ile poti ndefu ya printa yenye matundu 25. Mashine nyingi za sasa hivi hazina. Mimi naipenda kuliko poti zote maana ukiandika namba pale volti inatokea kwenye waya hapo hapo, unaipima na mita unaiona. Pini ya 2 mpaka ya 9 ndo data, biti nane, ya 18 mpaka ya 25 ni ethi, na anwani, yaani namba ambayo programu inatumia kuifikia poti, mara nyingi ni 0x378. Kwenye Linux naomba ruhusa ya kugusa poti kwa ioperm nikiwa root (mtumiaji mkuu), alafu outb(1, 0x378), yaani andika 1 kwenye anwani hiyo, pini ya 2 inapanda karibu na volti 5. Windows XP inakuzuia, utahitaji faili ya inpout32.dll ikufungulie poti. Na jamani msinunue ile waya ya USB ya printa mkidhani ni kitu kilekile, ile inaongea na printa tu.

Kazi yenyewe ilikua taa za vifaranga vya mama, balbu za volti 12 za betri ya sola, tulitaka ziwake zenyewe saa moja jioni zizime asubuhi. Sasa poti inatoa miliampea chache tu, ukiilazimisha ivute rilei (swichi inayovutwa na koili ikipata umeme) unaiua bodi. Kwa hiyo katikati nikaweka ULN2003, chipu ya kuendeshea vitu kama rilei: mguu wa 1 unapokea pini ya 2 ya poti, mguu wa 16 unaenda kwenye koili ya rilei, mguu wa 8 unaunganisha ethi ya poti na hasi ya betri, wa 9 unaenda chanya ya 12. Huo wa 9 usiuache kabisa, ndo unaomeza ule umeme wa koili rilei ikiachia.

Wiki nzima ikafanya kazi safi. Shida ikaja umeme ulipokatika ukarudi, kompyuta ikiamka BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) inaijaribu poti, inatupa namba zake, rilei zinagonga ta ta ta, siku moja taa ikabaki inawaka mchana na jua lile, nimefika nakuta vifaranga wanahema midomo wazi wamejibana pembeni. Roho iliniuma kweli.

Nikaongeza rilei ya pili kwenye pini ya 4. Umeme wa taa unapita rilei ya kwanza ikiwa imevuta, na ya pili ikiwa HAIJAVUTA. Kwa hiyo poti ikiwa 0 taa imezima, 255 imezima, 0x55 na 0xAA (namba ambazo biti zake zinapishana) pia imezima, programu yangu ikiandika 1, yaani pini ya 2 juu na ya 4 chini, ndo inawaka. Cron (kipanga ratiba cha Linux) inaangalia saa kila dakika 5 inaandika namba upya, na umeme ukikatika usiku mama ana swichi ya mkono pembeni.

Sasa nataka kusoma joto la banda kwa pini za kuingizia, anwani 0x379, ila pini ya 11 inasomeka kinyume, hiyo ntaanza nayo jumamosi.