Vile nilitoa utando wa buibui kwa gari yangu nyeusi hapa Nakuru

Miaka mitatu nimekaa na gari nyeusi Nakuru na kwa hiyo miaka mitatu nimeambiwa kila kitu. Uza ununue silva. Nyeusi si ya mji wa vumbi. Piga spre upya. Ukishaosha paka dizeli kidogo itang'aa. Mmoja, tena mtu mzima mwenye gari tatu, aliniambia nichukue dawa ya meno nisugue pole pole, na dawa ya meno imetengenezwa kusugua jino, na jino ni gumu kuliko rangi ya gari yoyote. Wiki jana jirani yangu karibu apeleke yake ikafanyiwe yale nilifanyiwa mimi, nikaona wacha niandike yote.

Gari ni Fielder, nyeusi ya 209. Angalia kile kibati cha Toyota kwa gari yako, pale pameandikwa C/TR, utaona namba ya rangi. 209 si nyeusi tupu, ndani kuna chembe za maika na jua la asubuhi likiipiga inametameta kama chumvi imemwagika kwa sufuria. Hiyo ndiyo niliipendea. Lakini nikisimama nayo juani sikuwa naona maika, nilikuwa naona mikwaruzo midogo midogo ya duara, maelfu, imezunguka ile nuru ya jua kama utando wa buibui. Kwa mbali gari inaonekana ya kijivu, kama imechoka.

Mara ya kwanza niliipeleka kwa jamaa wa bafing, wale wanang'arisha rangi kwa mashine, kando ya barabara, simtaji. Alikuwa na rotari, ile mashine inazunguka duara moja tu kwa nguvu, na pedi ya manyoya iliyokuwa imekaukiwa na kampaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, ya magari ya watu wengine. Nikamuuliza kama atapima kwanza klia, ile safu ya juu isiyo na rangi inayokinga rangi yenyewe, akaniambia, "Madam, mimi napima na macho." Saa moja na nusu hivi akawa amemaliza, akapaka kitu cha mafuta mafuta juu, na ukweli iling'aa, mpaka nikamwongeza mia mbili juu ya ile elfu tatu na kitu tulielewana. Tukaenda nayo harusi Njoro, watu wakauliza kama ni mpya.

Wiki mbili. Nilipoiosha mara ya tatu yale mafuta yakaisha, na jioni moja nikiweka petroli chini ya zile taa kali za stesheni nikaona bonneti imejaa vivuli vinatembea, kama petroli juu ya maji, nikisogeza kichwa navyo vinasogea. Hiyo ni alama ya rotari na kampaundi kali ambayo haikumaliziwa na polishi laini. Na utando wa buibui ulikuwa pale pale chini yake. Haukuwa umetoka, ulikuwa umezibwa na mafuta.

Hapo ndipo nilikasirika nikasema nitafanya mwenyewe, na sitaki kuficha chochote kwa hii sehemu kwa sababu ndiyo ilinifunza. Nilinunua rotari ya mtumba, Jumamosi saa sita mchana nikaegesha katikati ya uwanja, jua la utosi, nikifikiri vile jua linaonyesha mikwaruzo ndiyo nitaona kazi vizuri. Bati lilikuwa moto huwezi kuweka kiganja. Kampaundi ilikuwa inakauka kabla haijafanya kazi, inageuka unga, mimi naongeza nyingine, nakandamiza zaidi. Nikafika kwa ukingo wa fenda ya kulia, pale bati linakunja kuelekea bonneti, nikakaa hapo kama sekunde tano, sita. Nikasikia harufu ya plastiki imeanguka jikoni kwa moto. Nikainua mashine. Pedi ilikuwa ya rangi ya machungwa na sasa ilikuwa na mstari mweusi.

Klia haina rangi. Ukiona rangi ya gari yako kwa pedi, klia hapo imeisha. Alama yenyewe ilikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti, imefifia, na katikati praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, inachungulia. Nikazima mashine nikakaa kwa ngazi ya mlango wa jikoni nikalia.

Sasa kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia ni hiki. Ile klia ya juu ni nyembamba ajabu, maikroni 40 mpaka 50 hivi (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na unywele wa mtu ni kama 70. Kutoa mkwaruzo si kuufuta, ni kushusha klia yote inayouzunguka mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Kila ukifanya unakula maikroni kadhaa na hazirudi. Kwa ukingo ni nyembamba zaidi kwa sababu rangi ikiwa mbichi inavutika kutoka kwa kona, halafu pedi nayo uzito wake wote unaishia kwa ile kona. Kwa hivyo kona zote, mistari yote ya bati, mipini ya mlango, bandika masking tepu kabla hujawasha kitu. Rola moja ni shilingi mia na kitu tu.

Shemeji yangu ni asesa wa magari, akaniazima kile kipima rangi, kinaonyesha unene wa yote pamoja, rangi, praima na klia. Paa maikroni 112, bonneti 104, milango ya kulia 110 na kitu. Mlango wa kushoto wa mbele 265! Hiyo ilipigwa spre siku moja na hakuna aliyeniambia nikinunua. Nikaandika kila namba kwa kipande cha tepu nikabandika kwa paneli yake. Palipo chini ya 80 mimi singegusa, na ile kona ya fenda ilikuwa 61.

Lakini kabla sijaendelea na mashine lazima niseme ya kitambaa, maana bila hiyo ningetoa mikwaruzo leo na mwezi ujao imerudi yote.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Pale getini kuna mlinzi, mzee wa heshima sana, na kila asubuhi nikiingia darasani yeye anapangusa gari yangu bila kuulizwa, na mwisho wa wiki namtolea kitu kidogo. Asubuhi moja akaniambia, "Mwalimu, leo nimeipangusa mara mbili, ilikuwa na vumbi mbaya." Nikaangalia kile kitambaa, ni mkono wa sweta ya zamani, nikakisugua katikati ya vidole nikasikia kinakwaruza. Nikamwomba aniazime. Nikaenda nacho maabara nikakikung'utia juu ya karatasi nyeupe, na jameni, ilitoka mchanga unaona kwa macho, na nyingine laini kama unga wa ngano. Nikachukua chembe kidogo nikaweka kwa kile kioo cha hadubini, nikafunika na kingine, nikasugua mara tatu. Vioo vyote viwili vilichorwa. Hii ardhi yetu ni ya volkano, Menengai iko hapo juu yetu, na vumbi lake ni kama glasi iliyosagwa. Kama linachora kioo, klia ni nini?

Nikarudi kwa mzee na kile kioo nikamwambia, "Mzee, naomba nikuonyeshe kitu." Akakiinua juani akakiangalia muda mrefu. "Kumbe ni mimi nimekuwa nikiikwaruza?" Nikamwambia hapana, ni vumbi, na hata mimi nyumbani nimekuwa nikifanya hivyo hivyo na leso kuukuu. Tangu siku hiyo hakuna mtu anapangusa hiyo gari ikiwa kavu. Huyo mzee sasa ana kazi nyingine nitasema.

Basi, kazi yenyewe. Niliachana na rotari nikanunua ile mashine ya diei, inayozunguka na kuyumba kwa pamoja, kama elfu kumi na mbili au tatu hivi na pedi mbili, ngumu kiasi na laini. Haichomi haraka na haiachi vile vivuli. Chora mstari na maka kwa ile sahani inayoshika pedi, ukiwa unafanya kazi uone mstari unazunguka, ukisimama ujue unakandamiza sana na mashine inatetemeka tu bila kukata. Huo mstari umenisaidia kuliko video zote nilizotazama.

Kabla ya mashine, rangi lazima iwe safi kuliko safi. Ile dawa ya kutoa chembe za chuma, unanyunyiza inageuka zambarau, ni chuma kutoka kwa breki kinayeyuka, na ukikaa karibu na hii barabara ya malori utashangaa vile gari nzima inalia zambarau. Halafu udongo wa kusafishia rangi, unateleza na maji ya sabuni. Utajuaje bado kuna uchafu? Watu huko nje wanavaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi wanapapasa bati, kwa sababu plastiki inakuza kila kipele. Sisi mifuko ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo mimi natumia karatasi ya mkate, ile ya plastiki. Ingiza mkono, pitisha vidole juu ya bonneti ikiwa na maji, utasikia vipele ambavyo mkono mtupu hausikii. Nilifundisha watoto wangu na sasa wao ndio wakaguzi.

Nilianza saa kumi na mbili asubuhi, kivulini, bati likiwa baridi. Kipande cha kwanza nusu ya bonneti tu, tepu katikati, upande mmoja nifanye mwingine niache. Kipande cha kazi ni rula moja na nusu kwa rula moja na nusu, matone manne ya kampaundi, unaenda kushoto kulia halafu juu chini, mkono pole pole kama unapiga pasi shati la harusi, mara nne au tano. Usianze na dawa kali. Jaribu polishi laini na pedi laini kwanza, ikikataa ndio uende kwa kali zaidi. Kwangu laini ilikataa, pedi ngumu kiasi ikakubali, nikamalizia na laini.

Na ukimaliza kipande usiamini macho. Ile polishi yenyewe ina mafuta na mafuta ndiyo yaliyonidanganya kwa yule jamaa. Mimi napangusa na spiriti ya isopropili ya duka la dawa, nachanganya na yale maji safi ya betri, siyo asidi ya betri tafadhali, sehemu moja ya spiriti kwa tatu za maji. Mafuta yakitoka ndio unaona ukweli, na tochi karibu na bati.

Nilipotoa ile tepu katikati ya bonneti nikamwita baba watoto aje aone. Upande mmoja kijivu na utando wake, upande wa pili nuru ya tochi imesimama peke yake, nukta moja, na chini yake ile maika. Akagusa na kidole kuona kama ni maji.

Ilinichukua wikendi tatu. Kipima kilionyesha bonneti imetoka 104 mpaka 101.

Juu yake nilipaka silanti, dawa ya kukinga rangi kama waksi, inakaa miezi minne mitano. Waksi ya karnauba, ile inatoka kwa majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazili, inapendeza sana kwa nyeusi lakini kwa jua letu inaisha haraka. Na kuna wale wanakuuzia seramiki, kinga ngumu ya kupaka juu ya klia, kwa elfu thelathini na kuendelea. Ni nzuri, lakini haizuii kitambaa chenye mchanga, na ukipaka juu ya utando wa buibui umeufungia ndani.

Kuosha ndiko kunaitunza. Nilinunua ile pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa shambani, mpya, haijawahi kuona dawa ya magugu, na hiyo ndiyo natumia kulowesha na kuondoa vumbi kabla mkono haujagusa bati. Halafu ndoo mbili, moja ya sabuni ya gari na moja ya kusuuza glavu, na chini ya ile ya kusuuza nimeweka chujio la plastiki nimelipindua ili mchanga ukishuka usirudi. Sabuni ya unga ya kufulia hapana, inakula waksi. Maji ni ya mvua kutoka tangi, kwa sababu yale ya kisima yakikauka yanaacha madoa meupe ya chumvi, na ukishayapata, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, dakika moja, suuza.

Yule mzee wa getini ana chupa ya maji na vitambaa vya mikrofaiba nilivyomletea. Pale shuleni kuna jakaranda na ndege hawana saa, na kinyesi cha ndege juani kinachimba klia siku hiyo hiyo. Yeye akiona analowesha, anangoja, anainua bila kusugua. Juzi alinitumia mtoto darasani aniambie ndege amepita na ameshashughulikia.

Ile kona ya fenda fundi wa rangi aliirekebisha kwa elfu nne na kitu, ukijua pa kuangalia utaiona. Na mlango wa nyuma wa kulia kuna mkwaruzo wa funguo ambao kucha inanasa ukipitisha. Kucha ikinasa mkwaruzo ni mrefu kwenda chini kuliko klia unayoweza kuipoteza. Kipima hapo kinasema 108, na nimeuacha vile ulivyo.