Kumbukumbu ya mradi: kubadilisha onyesho la msimu katika makumbusho ya chuo kikuu

Onyesho la muhula uliopita limeshushwa na kuta ziko wazi. Linalofuata ni la kazi za karatasi peke yake: rangi za maji, chapa za mbao na michoro ya wino. Litakaa wiki 12, sawa na muhula. Haya ndiyo yaliyofanyika mpaka sasa, pamoja na hesabu zake.

Mwanga kabla ya yote

Kabla ya kuchagua hata picha moja, tulifungua daftari la mwanga. Kila kazi ya karatasi ina ukurasa wake: ilionyeshwa lini, kwa luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) ngapi, kwa jumla ya saa ngapi. Rangi iliyopauka hairudi hata picha ikifungiwa gizani miaka mingi. Kuipumzisha stoo kunachelewesha uharibifu tu, hakuuponyi.

Mwongozo wa Tume ya Kimataifa ya Mwangaza (CIE) wa mwaka 2004 unazipa kazi zinazopauka upesi kikomo cha luksi 50 na jumla ya luksi-saa 15,000 kwa mwaka, yaani luksi mara saa. Rangi za maji zilizochorwa kwa rangi zinazopauka upesi zimo humo. Ukumbi ukifunguliwa saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 12 ni saa 576. Zidisha kwa 50, unapata luksi-saa 28,800, yaani muhula mmoja umekula karibu fungu la miaka miwili. Wiki 6 ni 14,400, na hapo tumo ndani ya kikomo.

Kwa hiyo rangi za maji zitapokezana: seti A wiki sita za kwanza, seti B sita za mwisho. Chapa za wino mweusi wa kaboni zitakaa muhula mzima, kwa kuwa kaboni haipauki. Kwenye hizo tunaichunga karatasi yenyewe, hasa ile ya massa ya mbao, ambayo hugeuka njano na kukatika.

Utaratibu huu si mpya. Rangi za maji za Turner, mchoraji wa Uingereza, ambazo mkusanyaji wa sanaa Henry Vaughan aliziachia majumba ya taifa ya sanaa ya Edinburgh na Dublin zilifika huko mwaka 1900 kwa sharti kwamba zionyeshwe Januari tu, mwezi ambao jua la huko ni hafifu. Ratiba ya masomo ni muhimu, lakini picha ndizo zenye neno la kwanza.

Taa za kazi

Hapa ndipo kumbi nyingi hupoteza bila kujua. Picha zikitundikwa wiki moja kabla ya ufunguzi, mafundi wakafanya kazi chini ya luksi 400 kwa saa 10 kwa siku, siku 5 tu zinatoa luksi-saa 20,000. Fungu la mwaka limekwisha na hakuna mgeni hata mmoja aliyeingia! Dawa yake ni rahisi: kila picha ikishatundikwa inafunikwa karatasi nzito isiyo na asidi, iliyobanwa nyuma ya fremu na isiyogusa kioo. Inafunuliwa kwa dakika chache tu wakati wa kuelekeza taa yake. Taa kubwa zinazimwa watu wakienda kula. Wasafishaji nao wana swichi yao ya taa hafifu.

Kuta

Matundu ya zamani yamejazwa pati, yakapigwa msasa na kupakwa rangi mara mbili. Pati huwekwa kwa tabaka nyembamba. Ukijaza tundu refu kwa mkupuo mmoja, uso hukauka na ndani hubaki mbichi. Baada ya siku chache panabonyea, na taa ya pembeni inaonyesha kila shimo. Rangi ya ukuta inaachwa wiki nzima, feni zikiwaka, kabla picha hazijaingia.

Makabati ya vioo yanahitaji subira zaidi kwa sababu hewa yake haitembei. Plaiwudi na mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaokula madini ya risasi na kuchakaza karatasi. Kitambaa kipya cha kutandika ndani kinapitia kipimo cha Oddy, kilichoanzia British Museum mwaka 1973: kipande chake kinafungiwa kwenye chupa pamoja na vibati vya fedha, shaba na risasi, unyevu asilimia 100, nyuzi 60 za Selsiasi, siku 28. Kibati kikibadilika rangi au kuota unga, kitambaa hakitumiki. Siku hizo 28 ndizo zinazosahaulika kwenye ratiba, kwa hiyo agiza kitambaa mapema.

Kutundika

Kitovu cha kila picha kiko sentimita 150 kutoka sakafuni. Ili kupata mahali pa kulabu, chukua 150, ongeza nusu ya urefu wa fremu, kisha toa umbali kati ya ukingo wa juu wa fremu na waya uliovutwa. Fremu ya sentimita 80 ambayo waya wake unakaa 6 chini ya ukingo: 150 + 40 − 6 = 184. Waya upimwe ukiwa umevutwa kwa kulabu zile zile mbili zitakazotumika. Ukiupima ukiwa umelegea, picha zote zitashuka, na kila moja kwa kiasi chake.

Kulabu mbili kwa kila picha, kamwe si moja, kwa sababu kulabu moja huacha picha izunguke kila mlango unapobamizwa. Kwa nafasi, ukuta wa sentimita 720 wenye picha tano za jumla ya upana wa 370 unabakiwa na 350. Gawa kwa mapengo sita, kila pengo ni kama 58.

Fremu za seti A na B ni za kipimo kimoja, na waya umefungwa kwa urefu mmoja. Siku ya kupokezana hakutakuwa na drili wala vumbi. Ni kushusha na kupandisha tu, watu wawili kwa kila fremu, glavu za nitraili mikononi. Za pamba zinateleza kwenye fremu zilizopigwa vanishi.

Yaliyobaki

Luksimita inashikwa sambamba na uso wa picha, na kipimo kinachukuliwa pembe zote nne na katikati. Kosa la kawaida ni kupima katikati peke yake. Pembe iliyo karibu na taa inaweza kuwa na luksi 80.

Mgeni akitoka juani moja kwa moja, luksi 50 huonekana giza tupu na malalamiko huja. Badala ya kuongeza mwanga, tunapunguza taa za korido hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na kuondoa bango linalong'aa karibu na picha ya kwanza. Lebo zinapata herufi za pointi 24, nyeusi juu ya rangi hafifu, maneno yasiyozidi 70. Hizo bado ziko kwa mchapaji. Zikifika, zitajaribiwa kwanza chini ya taa za ukumbini, si mezani.